Sauti ya Jamii Katika Adhabu ya Mahakama: Mafundisho kwa Waamini wa Kilosa na Mikumi



Wapendwa Taifa la Mungu, katika vigango vyetu vya Kilosa na Mikumi ni nadra kuikuta jumuiya ambayo haijaguswa na kesi ya jinai. Ng'ombe wameingia shambani na fimbo zimenyanyuliwa. Kijana amejeruhiwa kilabuni. Baba wa familia amekamatwa na nyama ya porini karibu na hifadhi. Binti wa shule amebebeshwa mimba. Kila mara swali lilelile hurudi katika jumuiya: je, adhabu ni shauri la hakimu peke yake, au wazee, familia na majirani nao wana neno la kusema? Na kama wanalo, linaanzia wapi na linakomea wapi?

Tunaandika makala haya ili kulijibu swali hilo kwa kutazama historia ya mahali petu, sheria za nchi yetu, mang'amuzi ya mataifa mengine na mafundisho ya Mama Kanisa. Hatuandiki kwa niaba ya mawakili, wala makala haya hayachukui nafasi ya ushauri wa kisheria. Tunaandika kama wachungaji, kwa kuwa tumeona kwamba kutoijua milango iliyo wazi kunawaumiza wengi, na kutoijua milango iliyofungwa kunawaumiza wengi zaidi.

Jamii ni nani?

Katika nchi nyingine, maneno "wenyeji wa asili" huwataja watu waliokuwapo kabla ya walowezi kufika, kama Wamaori wa New Zealand au mataifa ya kwanza ya Kanada. Kwetu sheria haimgawi raia kwa namna hiyo. Mbele yake wote ni Watanzania. Hata hivyo mtu wa Kilosa anajua kwamba neno "jamii" lina vyumba vingi. Wasagara, Wakaguru na Wavidunda wamekaa kwenye milima na mabonde haya tangu enzi za mababu. Waparakuyo na Wamasai wengine wamechunga katika nyika zake kwa vizazi kadhaa. Wabarabaig na Wasukuma waliwafuata na mifugo yao. Mashamba ya mkonge na reli ya kati yaliwaleta vibarua na wafanyabiashara kutoka kila pembe ya nchi, na barabara kuu inayokatiza Mikumi inaendelea kuwaleta wengine hadi leo.

Kwa hiyo mtu anaposema "wazee waitwe," lazima aulizwe: wazee wa nani? Wa mkulima au wa mfugaji? Wa ukoo wa mshtakiwa au wa yule aliyekosewa? Wanaume tu, au na wanawake pia? Tutaona kwamba katika Kilosa swali hili ndilo linaloamua kama sauti ya jamii italeta amani au italeta dhuluma nyingine.

Tulikotoka

Makabila ya kale ya eneo hili hufuata ukoo wa mama. Katika utaratibu huo mjomba alikuwa mdhamini mkuu wa mpwa wake: kijana akiua au akiiba, ukoo wa mama ulibeba sehemu kubwa ya deni, na kwa sababu hiyo ulikuwa na haki ya kumkanya na kumrudi. Watani nao walikuwa na kazi yao. Mtani aliruhusiwa kusema mbele ya watu ukweli ambao ndugu waliona haya kuusema. Mara nyingi shauri halikuhesabiwa kuwa limekwisha mpaka kosa likiriwe, fidia itolewe, na pande mbili zile chakula pamoja tena.

Tusizipambe mno enzi hizo. Zilikuwa na mazuri yake, lakini katika sehemu nyingi za nchi yetu zilikuwa pia na kiapo cha mwavi, na tuhuma za uchawi zilizowaangukia wajane na wasio na ndugu. Mtu asiye na ukoo wenye nguvu hakuwa na wa kumsemea.

Waingereza walipoanza kutawala kupitia machifu katika miaka ya 1920, waliunda mabaraza ya wenyeji yaliyohukumu makosa madogo. Mtaalamu wa mila kutoka Marekani, T. O. Beidelman, aliyefanya utafiti Ukaguru mwishoni mwa miaka ya 1950, aliandika kuhusu vilabu vya pombe na wizi wa ng'ombe baina ya Wakaguru na Waparakuyo. Mabaraza ya wakati ule yalikuwa mikononi mwa Wakaguru, yaani upande wa wakulima, ilhali wafugaji walioshtakiwa mbele yake walikuwa wageni katika baraza lenyewe. Ni funzo la kale ambalo bado halijachakaa.

Baada ya uhuru, Serikali ilifuta uchifu mwaka 1963, na mwaka huohuo ikaunganisha mahakama zote katika mfumo mmoja na kuiondoa sheria ya jinai ya kimila. Tangu hapo hakuna Mtanzania anayeweza kuadhibiwa kwa kosa ambalo halimo katika sheria iliyoandikwa. Nia ilikuwa njema: Mkaguru, Mmasai na Msukuma wasimame mbele ya sheria moja. Lakini wazee hawakufukuzwa kabisa mahakamani. Walibaki kwa jina la wazee wa baraza.

Milango iliyo wazi leo

Mlango wa kwanza ni Katiba yenyewe. Ibara ya 107A inaziagiza mahakama, pamoja na mambo mengine, kutenda haki bila kutazama hali ya mtu kijamii au kiuchumi, kutoa fidia ipasavyo kwa walioathirika na makosa ya wengine, na kukuza usuluhishi baina ya wanaogombana. Fidia na usuluhishi, mambo mawili yaliyokuwa moyo wa baraza la mababu, ni maagizo ya Katiba.

Mlango wa pili ni wazee wa baraza. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1984 iliweka kwamba hakimu wa Mahakama ya Mwanzo aketi na wazee wasiopungua wawili, na kwamba wakitofautiana, jambo liamuliwe kwa wingi wa kura. Sheria ilitaja wazi kwamba kura hiyo inahusu pia adhabu. Yaani wazee wawili kutoka mtaani wangeweza kumshinda hakimu kwa kura katika kuamua kama kijana aende gerezani au alipe faini.  Katika Mahakama Kuu wazee walitoa maoni tu, na jaji hakufungwa nayo. Marekebisho ya sheria ya miaka ya karibuni yameulegeza ulazima wa kuketi na wazee: katika Mahakama Kuu, tangu mwaka 2022, huitwa pale jaji anapoona kwamba haki inadai hivyo, na katika Mahakama ya Mwanzo hawaketi tena katika kila shauri kama zamani. Sababu zilizotolewa, kama vile kuchelewa kwa mashauri, zina uzito. Lakini kwa kadiri mlango huu unavyozidi kuwa mwembamba, ndivyo tunavyopaswa kuijua milango mingine.

Mlango wa tatu ni mapatano ndani ya mahakama. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inairuhusu mahakama kuhimiza mapatano katika shambulio la kawaida na makosa mengine madogo yaliyo ya mtu na mtu, kwa kulipwa fidia au kwa masharti mengine ambayo mahakama itayakubali. Shauri likaishia hapo. Tuangalie vizuri: mapatano hayo hufanyika chini ya macho ya hakimu, hayafanyiki gizani. Hakimu huona kama aliyepigwa amekubali kwa hiari au amesukumwa.

Mlango wa nne ni huduma kwa jamii. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 inairuhusu mahakama kumpa mkosaji kazi ya manufaa ya umma isiyo na ujira badala ya kifungo, endapo kosa lake lina adhabu isiyozidi miaka 3, au endapo lina adhabu kubwa zaidi lakini mahakama imeona kwamba anastahili kifungo kisichozidi miaka 3. Anaweza kufagia zahanati, kupanda miti, kuchimba mtaro wa shule. Kabla ya kuamua, mahakama huagiza taarifa ya uchunguzi wa kijamii kutoka kwa afisa probesheni. Afisa huyo huuliza juu ya familia ya mkosaji, kazi yake na mwenendo wake. Huwafikia viongozi wa kijiji na majirani. Na hupaswa kusikia pia kutoka kwa aliyekosewa. Hapa ndipo sauti ya jamii inapoingia moja kwa moja katika mizani ya adhabu, na hapa ndipo waamini wetu wengi hunyamaza kwa sababu hawajui kwamba wanaulizwa.

Mlango wa tano ni maneno kabla ya adhabu. Mshtakiwa akishatiwa hatiani, mahakama humpa nafasi ya shufaa, yaani kuomba apunguziwe adhabu, na sheria inairuhusu kupokea ushahidi wowote utakaoisaidia kupata adhabu inayofaa. Katika kosa la kuua bila kukusudia, ambalo lina adhabu ya juu ya kifungo cha maisha bila kiwango cha chini, nafasi hii ni kubwa sana. Ugomvi wa shambani uliozaa kifo mara nyingi huishia katika kosa hili. Iwapo familia mbili zimekutana, ukoo wa mkosaji umekiri na kuwaangalia yatima, mahakama inaweza kulizingatia hilo. Iwapo hakuna aliyekwenda hata kutoa pole, hilo nalo lina uzito.

Mlango wa sita ni Baraza la Kata, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1985. Wajumbe wake ni wananchi wa kata yenyewe, na kazi yake ya kwanza kisheria ni kuleta amani na maelewano kwa kusuluhisha. Tangu mwaka 2021 halihukumu tena migogoro ya ardhi bali husuluhisha tu. Kwa kuwa katika Kilosa kesi nyingi za kupigana huanzia kwenye mpaka wa shamba au njia ya mifugo, usuluhishi mwema wa Baraza la Kata ni kinga ya jinai kabla haijazaliwa.

Mlango wa saba unawahusu watoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumhukumu mtoto kifungo cha gerezani, na inampa afisa ustawi wa jamii nafasi ya kuieleza mahakama hali ya nyumbani kwake. Mzazi, mlezi, mwalimu na katekista ni watu wa kusikilizwa hapo.

Tuongeze neno moja. Mwaka 2021 sheria ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Mama wa kijijini aliyekuwa akisikiliza hatima ya mwanawe kwa lugha asiyoielewa, sasa anayo haki ya kuelewa. Anayeelewa anaweza pia kusema.

Milango iliyofungwa, na kwa nini

Yapo makosa ambayo sheria imeyaondoa kabisa katika meza ya mapatano. Kubaka na kumlawiti mtoto ni ya kwanza kutajwa. Tangu sheria maalumu ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, kubaka kuna kifungo kisichopungua miaka 30, na pale aliyebakwa ni mtoto wa chini ya miaka 10, kifungo cha maisha. Hata hivyo tunajua yanayotendeka. Wazee wa pande mbili hukaa, mbuzi wawili au kitita cha fedha hutolewa, baba hupokea, shahidi hupotea, na kesi hufa mahakamani kwa kukosa ushahidi. Watu husema kwamba jambo "limemalizwa kifamilia."

Wapendwa, kwa binti jambo hilo halijaisha. Limemalizwa kwa baba aliyepokea, na kwa mkosaji aliyelipa. Binti hakuulizwa, na kesho atakutana na mtu yuleyule kisimani. Kupokea mali ili kulificha kosa kubwa la jinai ni kosa lenyewe katika sheria za nchi. Mbele ya Mungu ni kuuza damu ya mtoto. Hakuna mila, ukoo wala mzee mwenye mamlaka ya kusamehe kwa niaba ya mtoto aliyedhulumiwa. Kiongozi yeyote wa jumuiya, kigango au chama cha kitume anayeshiriki kikao cha namna hiyo anausaliti utume wake.

Unyang'anyi wa kutumia silaha nao una kifungo kisichopungua miaka 30. Kwa kosa la kuua kwa kukusudia, sheria yetu bado inaagiza adhabu ya kifo bila kumwachia jaji uchaguzi. Hapo maneno ya wazee na hata ya ndugu wa marehemu hayawezi kuibadili adhabu. Kanisa limesema wazi: mwaka 2018 Papa Fransisko alirekebisha Katekisimu, namba 2267, na kufundisha kwamba adhabu ya kifo haikubaliki, kwa kuwa inashambulia hadhi ya mtu isiyoweza kuondolewa.

Kwa wenzetu wa Mikumi, mlango mwingine ni mzito. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964, na vijiji vinavyoizunguka vinaishi na wanyama kila siku. Makosa mengi ya kukutwa na nyara za Serikali huhesabiwa kuwa ya uhujumu uchumi, na sheria hiyo inaweka kifungo cha miaka 20 hadi 30. Kipande cha nyama kinaweza kumwondoa baba nyumbani mpaka watoto wake nao wawe wazazi. Wanyama ni zawadi ya Muumba na urithi wa wote, na majangili wakubwa wamelitia taifa hasara kubwa. Lakini inafaa wananchi, kupitia wabunge na viongozi wao, waulize kwa heshima kama mwenye njaa na mwenye mtandao wa biashara wanapaswa kupimwa kwa kijiti kimoja. Hiyo nayo ni sauti ya jamii juu ya adhabu, na mahali pake ni bungeni. Wakati huohuo wajibu wetu ni kuwaonya vijana mapema, maana mzee anayejua uzito wa sheria na akanyamaza amemwacha kijana aingie shimoni.

Jeraha ambalo mahakama peke yake haiponyi

Tarehe 8 Desemba 2000, wakulima 38 waliuawa katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, wilayani Kilosa, katika mgogoro wa wakulima na wafugaji. Ilikuwa sikukuu ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili. Tunawataja marehemu hao kwa sala, bila kulitia hatiani kabila lolote, maana kosa la jinai ni la mtu aliyelitenda. Tangu siku ile eneo letu limeshuhudia migongano mingine, na kila mmoja umeacha wajane katika pande zote mbili.

Polisi hukamata, mwendesha mashtaka hushtaki, hakimu huhukumu. Hizo ni kazi za lazima; pasipo hizo kila ukoo utajichukulia kisasi. Lakini hukumu haimwambii mkulima kama anaweza kununua tena maziwa kwa mke wa mfugaji. Haimwambii mfugaji kama ng'ombe wake watafika mtoni kesho. Mfungwa hutoka, hurudi kijijini kilekile, na hukuta chuki ikimngojea mlangoni. Palipo na jamii mbili, adhabu isiyoambatana na upatanisho ni kama kufunga kidonda ambacho hakijaoshwa.

Hapa ndipo swali la "wazee wa nani" linapokuwa la kufa na kupona. Wafugaji wana malaigwanani wao na baraza lao chini ya mti; wakulima wana wazee wao na serikali ya kijiji. Afisa probesheni akisikiliza upande mmoja tu, taarifa yake itakuwa nusu. Fidia ikipangwa na wakulima peke yao, mfugaji ataiona kuwa faini ya kabila. Ikipangwa na wafugaji peke yao, mkulima ataiona kuwa bei ya damu. Haki inadai wazee wa pande mbili wakae mkeka mmoja, wanawake wakiwemo, maana wao ndio wanaobaki na yatima na ghala tupu.

Mang'amuzi ya mataifa mengine

Hatuko peke yetu katika safari hii. Katika eneo la Yukon huko Kanada, mwaka 1992, Jaji Barry Stuart aliketi na wazee, familia na waliokosewa katika duara ili kutafuta adhabu inayofaa, na mwaka 1999 Mahakama ya Juu ya Kanada, katika shauri la Gladue, ilisisitiza kwamba majaji wazingatie mazingira ya pekee ya wenyeji wa asili kabla ya kuwafunga. New Zealand, tangu mwaka 1989, hukutanisha familia ya kijana mkosaji na aliyekosewa. Australia ilianzisha Mahakama ya Nunga mwaka 1999, ambamo wazee huketi pamoja na hakimu na kuzungumza na mkosaji. Hakimu ndiye hutamka adhabu.

Karibu nasi, Rwanda ilitumia mahakama za Gacaca, zaidi ya 12,000, kushughulikia makosa ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, mpaka zilipofungwa rasmi mwaka 2012. Zilifunua ukweli mwingi na kupunguza msongamano magerezani, ingawa wapo waliolalamikia kukosa utetezi wa kutosha. Kaskazini mwa Uganda, viongozi wa dini, akiwemo Askofu Mkuu John Baptist Odama wa Gulu, walizisaidia jamii za Waacholi kutafuta upatanisho baada ya vita, na desturi ya mato oput, ambamo pande mbili hukiri, hufidiana na kunywa kinywaji kichungu pamoja, ilijulikana duniani. Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010 inatambua njia za kijadi za kusuluhisha. Lakini mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Nairobi iliporuhusu shtaka la mauaji liondolewe baada ya familia mbili kupatana kwa mifugo, mjadala mkubwa ulizuka: je, uhai wa mtu ni mali ya familia peke yake?

Fundisho tunalolipata kote huko ni moja. Jamii ikisikilizwa ndani ya sheria, adhabu huwa na mizizi. Jamii ikishika nafasi ya sheria, wanyonge huumia.

Mama Kanisa anafundisha nini

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2266, inafundisha kwamba adhabu halali inalenga kwanza kurekebisha vurugu iliyoletwa na kosa, na kwamba mkosaji akiipokea kwa hiari hupata thamani ya malipizi. Zaidi ya kulinda usalama wa watu, adhabu ina lengo la kuponya: kwa kadiri inavyowezekana imsaidie mkosaji kujirekebisha. Namba 1459 inakumbusha kwamba anayetubu hana budi kutengeneza alichokiharibu: kurudisha kilichoibwa, kurudisha heshima ya aliyesingiziwa, kufidia majeraha.

Waamini wanaijua njia hii kutokana na Sakramenti ya Kitubio. Kuna majuto, kuna maungamo, kuna malipizi. Padre hasemi kwamba dhambi haikuwa kitu. Wala haachi kumwondolea anayetubu. Zakayo, katika sura ya 19 ya Injili ya Luka, hakuishia katika kumkaribisha Bwana mezani. Alisimama mbele ya watu na kuahidi kuwarudishia mara nne wale aliowadhulumu, na nusu ya mali yake kuwapa maskini. Wokovu uliingia nyumbani kwake kwa mlango wa fidia. Na sura ya 18 ya Mathayo inatuonesha ngazi: kwanza wawili peke yao, kisha mashahidi wachache, kisha kanisa. Jamii inaingia kwa utaratibu, na haiingii kuficha bali kurudisha.

Mtakatifu Yohane Paulo II, katika ujumbe wake wa Siku ya Amani Duniani ya mwaka 2002, alifundisha kwamba amani haipo pasipo haki, na haki haipo pasipo msamaha. Msamaha huo haufuti madai ya haki. Mama aliyeuawiwa mwana anaweza kumsamehe muuaji kwa moyo wote na bado akasimama kizimbani kutoa ushahidi wa kweli. Na Papa Fransisko, alipofungua Mlango Mtakatifu katika gereza la Rebibbia mjini Roma tarehe 26 Desemba 2024, alitukumbusha kwamba hakuna mfungwa aliye nje ya matumaini ya Mungu.

Tufanye nini katika parokia na jumuiya

Kwanza, tusifiche kosa kubwa. Ukatili wa kijinsia, madhara kwa mtoto na umwagaji damu vipelekwe polisi, hospitali na ustawi wa jamii mara moja. Vikao vya familia vifuate baadaye, na kwa ajili ya kumsaidia aliyeumizwa.

Pili, tuseme kweli tunapoulizwa. Afisa probesheni au hakimu akiuliza habari za mtu, mwenyekiti wa jumuiya asiseme kijana ni mwema kwa sababu tu ni wa kwaya, wala asimkandamize kwa sababu hasali nasi. Lawi 19:15 inatuagiza tusimpendelee maskini wala tusimwogope mkubwa.

Tatu, aliyekosewa asikilizwe kwanza. Kabla ya kumwombea mkosaji shufaa, mzee au kiongozi wa walei amtembelee aliyeumizwa na kumwuliza anahitaji nini. Mara nyingi anahitaji matibabu, karo ya mtoto, au neno moja la kukiri kosa.

Nne, mkosaji anayetumikia huduma kwa jamii asichekwe. Anayefagia zahanati kwa amri ya mahakama analipa deni lake mbele ya macho yetu. Jumuiya imsalimie na imwalike tena mezani.

Tano, tusiwasahau wafungwa na familia zao. Utume wa magereza ni wa Taifa la Mungu lote, nao humwandaa anayetoka kurudi kijijini bila kisasi.

Sita, Tume ya Haki na Amani ya kila parokia iwakutanishe wazee wa wakulima na wa wafugaji kabla ya msimu wa mavuno na wa kiangazi, nyakati ambazo mashamba na njia za mifugo hugongana. Iwatafute pia wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, ili maskini asisimame mahakamani bila mwongozo.

Wapendwa, hakimu huja na kuhamishwa; kijiji hubaki. Adhabu ikitamkwa, sisi ndio tutakaoishi nayo: tutakaomlea mtoto wa mfungwa, tutakaompokea atokapo, tutakaomfuta machozi mjane. Kwa hiyo tuipeleke sauti yetu mahakamani ikiwa safi, isiyonunuliwa na isiyo na woga, nayo mahakama itupe hukumu tunayoweza kujenga amani juu yake.

Bikira Maria, Kioo cha Haki, awaombee mahakimu, wazee, waliokosewa na waliokosa katika Kilosa na Mikumi. Mwenyezi Mungu awabariki nyote, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.